Kidude cha elfu 25 cha kupimia gari (ELM327): nimekaa nacho miezi 7 na hii IST yangu iliyogoma kupona

Ngoja nianze na gari kwanza, maana bila stori ya gari hamtaelewa kwa nini mtu mzima nilikuwa naendesha huku simu imebandikwa kwenye dashibodi inaonyesha namba kama naongoza ndege.

Gari ni Toyota IST ya 2003, ile ya injini ndogo 2NZ, cc 1300, mita inasoma laki mbili na kumi na kitu, kama haikurudishwa nyuma huko ilikotoka. Mwaka jana mwezi wa 11 ikachemsha kwenye foleni pale Mandela Road saa nane mchana, kabla sijapata pa kuegesha gasketi ya silinda hedi ikawa imeshaungua, ukifungua kifuniko cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Nikaivuta mpaka gereji moja (jina naliacha, sitaki maneno), wakafumua, hedi ikaenda kuchongwa, ikaja gasketi mpya, oili mpya, rejeta ikasafishwa, jumla laki sita na themanini. Ikawaka, ikatulia, nikasema alhamdulillah nikaondoka zangu.

Wiki ya pili ndo sinema ikaanza. Asubuhi ukiwasha, sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) iko juu haitaki kushuka, halafu ikishashuka inashuka mpaka inataka kuzima, kwenye taa za Tabata unakaa unakanyaga mafuta kidogo kidogo ili isikuaibishe, ukiwasha AC inatetemeka kama bajaji ya kukodi. Mafuta ndo usiseme, elfu 30 iliyokuwa inanifikisha siku nne sasa siku ya tatu jioni taa inawaka. Na taa ya injini nayo ikajitokeza.

Nikarudi kwa fundi. "Bosi hizo plagi tu." Plagi nne zikabadilishwa. Taa ikazima, siku ya tatu ikarudi. "Bosi kuna koili moja imechoka." Koili ikanunuliwa. Taa ikazima, siku tatu, ikarudi. Nikapelekwa sehemu ya kupima kwa mashine, elfu 40, wakanipa karatasi wakasema oksijeni sensa, tukaenda Gerezani tukapata ya mtumba, ikafungwa, taa ikazima, mnajua wenyewe kilichofuata. Ikaja pampu ya mafuta. Kila mara taa inazima nikiwa hapo hapo gereji mpaka nikaanza kumuamini mwenyewe, baadae ndo nikaja kujua kwamba kila akimaliza kazi anachomoa waya wa betri kwa dakika kadhaa, na ukichomoa betri kompyuta ya gari inasahau kila kitu, taa lazima izime tu hata kama umebadilisha wipa. Inachukua siku mbili tatu za kuendesha mpaka ijifunze tena kwamba kuna tatizo. Hapo mimi nimeshalipa.

Alivyoniambia sasa ni kontrolo boksi (hiyo kompyuta yenyewe ya gari), ipo moja ya mtumba laki mbili na nusu, nikamwambia nipe siku mbili nijipange. Sikurudi.

Shemeji yangu yuko Moshi ana Spacio, ndo akaniambia kaka kabla hujanunua hiyo boksi nunua kwanza ELM327, uone gari lenyewe linasema nini. Nikaenda Kariakoo, muuzaji akaanza na elfu 40 tukamalizana 25. Ni kidude kidogo kinakaa kwenye kiganja, kina pini 16, unakichomeka kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani, kinaongea na simu kwa blutuzi, namba ya kuunganisha ni 1234. Kwenye simu unaweka apu inaitwa Torque, ipo ya bure na ya kulipia, mimi nilianza na ya bure baadae nikalipia maana sio hela nyingi.

Hapa niseme ukweli kuhusu hivi vidude. Chipu ya ELM327 yenyewe ni ya kampuni ya Kanada, ELM Electronics, toleo lao la kwanza halikuwa na ulinzi wa kutosha Wachina wakalinakili, na kuanzia hapo dunia nzima imejaa kopi. Kampuni yenyewe ilifunga biashara 2022. Kwa hiyo hiki unachouziwa Kariakoo ni kopi, usidanganyike na boksi. Na ukikuta kimeandikwa v1.5 ujue hilo toleo wenyewe hawakuwahi kulitoa, ila kichekesho ni kwamba mara nyingi hizo za 1.5 ndo zinafanya kazi kuliko zilizoandikwa v2.1, ambazo nyingi zimepunguzwa, komandi zingine hazizijui kabisa. Mimi cha kwanza kilikuwa 2.1, nikakirudisha kesho yake, jamaa akanuna lakini akabadilisha.

Sasa usifikiri unachomeka tu na mambo yanatiririka. Hizi gari zetu zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na nyingi za miaka ya 2000 mwanzoni haziongei ile lugha ya kawaida ambayo hiki kidude kinaitegemea. Siku ya kwanza nimekaa ndani ya gari saa nzima, simu inasema imeunganishwa na kidude lakini kidude hakijaipata kompyuta ya gari, mama watoto ananichungulia dirishani anauliza kama nimegombana na mtu. Dawa yake ni hii, kwenye Torque unafungua profaili ya gari, unashuka chini kwenye mipangilio ya ziada, kuna sehemu ya kuandika komandi za kuanzia, pale unaweka zile za Toyota za Japani zinazoanza na ATIB 96 na ATIIA 13, shemeji alinitumia mstari mzima kwa meseji nikabandika. Maana yake kidude kinaambiwa kiongee kwa spidi ya 9600 na kibishe hodi kwenye anwani nyingine. Nikawasha gari, sekunde kumi, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikaanza kucheza kwenye simu. Aisee nilipiga kelele.

Ukianza tu usikimbilie kusoma kodi (sio ile ya TRA, ni namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari inaihifadhi). Hilo ndo kosa la wale wa mashine ya elfu 40. Yangu ilitoa P0171, ambayo maana yake ni hewa nyingi mafuta kidogo, basi. Haisemi kwa nini. Mtu akiona hiyo anakimbilia oksijeni sensa kwa sababu ndo iliyotoa taarifa, sasa ni sawa na mlinzi kakwambia kuna mwizi halafu wewe unamfukuza kazi mlinzi. Kitu cha maana kwenye hiki kidude ni namba zinazotembea injini ikiwa inafanya kazi, na mimi namba mbili tu ndo zilinimalizia kesi.

Ya kwanza joto la maji. Nimetoka Kimara nikaenda mpaka Kibaha na kurudi, Jumapili asubuhi barabara nyeupe, spidi 80. Joto linasoma nyuzi 66, 68, 67. Kwenye foleni ya kurudi likafika 74 likaishia hapo. Injini kama hii ikishapata moto inatakiwa icheze 85 mpaka 95 hivi. Yaani gari imetembea saa nzima Dar es Salaam mwezi wa kwanza, jua lile mnalolijua, na injini ina baridi.

Nikampigia fundi wa kwanza nikamuuliza kwa upole tu, thamostati ipo? Akacheka. "Tuliitoa bosi, huku kwetu joto, hiyo ni ya nchi za baridi, ndo maana hata feni nilikuungia moja kwa moja isije ikachemsha tena." Na alikuwa anajisifia kabisa, kwamba hiyo ni bonasi hajanichaji.

Jamani. Hii nitaisema taratibu kwa sababu najua humu Dar nusu ya gari zilizowahi kuchemsha zimefanyiwa hivi. Thamostati kazi yake sio kupasha joto gari la Ulaya, ni kizibo kinachofunga maji yasiende rejeta mpaka injini ifike kama 82 hivi, ndo inafungua. Ukiitoa, maji yanaenda rejeta tangu sekunde ya kwanza, ukiunga na feni inazunguka muda wote ndo kabisa. Na kompyuta ya gari haijui kama uko Mbagala au Sapporo, inachojua ni sensa ya joto inasema 68, kwa hiyo inaona injini bado haijapata moto, inaongeza mafuta, inapandisha sailensi, kama vile zile gari za zamani ulizokuwa unavuta choki asubuhi halafu ukasahau kuirudisha. Mimi nimeendesha na choki imevutwa miezi miwili. Elfu 30 zangu zilikuwa zinaenda huko. Na oili nayo inachafuka haraka maana petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Halafu kilichochemsha gari mwanzo haikuwa thamostati, ilikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu, miaka yote tunajaza maji ya bomba badala ya kulanti, na rejeta walishaisafisha! Tatizo lilikuwa limeisha, wakatengeneza jingine.

Namba ya pili ndo ilinifurahisha zaidi, wanaita fyueli trimu. Kompyuta ina hesabu yake ya mafuta kiasi gani kwa hewa kiasi gani, halafu oksijeni sensa inaiambia umezidisha au umepunguza, inarekebisha, na hayo marekebisho unayaona kwa asilimia. Kuna ya muda mfupi inayorukaruka na ya muda mrefu ambayo imeshatulia. Ikiwa karibu na sifuri, chanya tano, hasi tano, hamna neno. Ukipita kumi anza kutafuta. Yangu, gari ikiwa sailensi, ile ya muda mrefu ilikuwa chanya 21, yaani kompyuta inamwaga mafuta robo kasoro zaidi ya hesabu yake kwa sababu kuna hewa inaingia ambayo haijahesabiwa. Nikakanyaga mpaka RPM 2500 nikashikilia dakika mbili hivi, ikashuka mpaka 7.

Hapo ndo jibu lilipo. Ukiwa na kibarua anaiba kikombe kimoja cha mchele kila siku, ukimpa kilo moja apime utamkamata leo leo, ukimpa gunia hutajua kitu. Tundu la hewa ni hivyo hivyo. Sailensi injini inavuta hewa kidogo kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ukikanyaga inavuta nyingi ile ya wizi inamezwa. Trimu ikiwa mbaya kwenye sailensi na ikapona ukikanyaga, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) isiyokaa. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba ingekuwa kinyume chake, ukikanyaga ndo inazidi kupanda, maana hapo ndo mafuta mengi yanatakiwa na hayaji. Kwa hiyo ile pampu niliyonunua ilikuwa hela ya bure, na jibu lingepatikana kwa dakika tano gari ikiwa imesimama.

Na ile oksijeni sensa yangu ya zamani nilikuwa bado ninayo kwenye mfuko wa rambo nyuma ya siti. Nikamwambia fundi wa pili airudishe tujaribu, ikawa inaruka 0.1 mpaka 0.8 vizuri kabisa kama ile ya mtumba. Ilikuwa nzima. Sitaki hata kulizungumzia.

Fundi wa pili ni mzee mmoja fundi umeme wa mtaani kwetu, hana bango, anafanyia kazi chini ya mwembe. Nilivyoenda na skrinishoti kwenye simu nilitegemea atanidharau, maana mafundi wengi ukiwaambia umepima mwenyewe wanachukia. Yeye akavaa miwani akasoma, akasema "kijana hii umenirahisishia". Enzi zake walikuwa wanaunganisha pini mbili za ile soketi kwa kipande cha waya, namba 4 na 13, halafu unahesabu taa ya injini inakonyeza mara ngapi. Bado anafanya hivyo kwa gari zisizokubali mashine.

Akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, injini inanguruma, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi na kwenye mipira mmoja mmoja huku mimi nimekaa na simu naangalia. (Msijaribu hii karibu na egzosti ya moto, ile dawa inawaka kama petroli, yeye alikuwa na ndoo ya mchanga pembeni.) Kwenye manifoldi kimya. Kwenye mpira wa buster ya breki kimya. Alivyofika kwenye ule mpira mfupi wa PCV, unaotoa mvuke wa oili kuupeleka kwenye manifoldi, RPM ikaruka na trimu ya muda mfupi ikaporomoka hapo hapo. Tukauchomoa, umepasuka upande wa chini ambako jicho halifiki, umekauka kama biskuti. Bila shaka walivyokuwa wanafumua injini waliuvuta kwa nguvu wakaurudisha hivyo hivyo.

Mpira elfu 8. Thamostati mpya elfu 35. Feni ikarudishwa kwenye rilei yake iwake yenyewe inapotakiwa. Kulanti. Ufundi elfu 50. Nikaenda tena Kibaha na kurudi, joto 88, 91, 89, trimu kwenye sailensi chanya 4. Sailensi imekaa kama kichwa cha mtu aliyelala. Elfu 30 imerudi siku nne.

Haya, mabaya yake sasa maana sijalipwa kukisifia. Kinakatika katika, ukipigiwa simu tu blutuzi inaweza kupotea unaanza upya. Kwenye gari hizi za zamani namba zinakuja taratibu, ukifungua geji nane kwa wakati mmoja zinachelewa mpaka hazina maana, fungua tatu au nne tu. Hakisomi ABS wala eabegi, kwa hiyo kama taa yako ni hizo usipoteze hela. Kama una iPhone hii ya blutuzi ya kawaida haitakubali, tafuta ya waifai. Na kitoe kwenye soketi ukipaki! Nilisafiri kwenda Mwanza nikakisahau siku tano, narudi betri imekufa kabisa, kinakunywa umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Halafu kina kitufe cha kufuta kodi, unabonyeza taa inazima. Kitamu sana hicho kitufe, ila ni ule ule uhuni wa kuchomoa betri, na ukifuta unafuta na trimu zote zilizokuwa zinakupa ushahidi. Piga picha kwanza. Na ukienda kununua gari la mtumba kwa mtu, ukachomeka ukakuta trimu ya muda mrefu ni sifuri kavu kila mahali, muulize alifuta lini.

Kwa elfu 25 nakipa nyota nne. Ya tano ningekipa kama kingejua kila kitu, na hakijui, kwa sababu gari yangu bado ina jambo moja. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa inatikisika kama sekunde kumi, halafu inatulia kama hamna kilichotokea. Kwenye simu hamna kitu, joto sawa, trimu sawa, kodi hamna. Koili nilishazihamisha mwenyewe, ya namba 3 nikaipeleka namba 1 na ya 1 nikaileta 3 (hii ni bure, kila mtu angeanza na hii kabla ya kununua koili), mtikisiko haukuhama. Mzee akaleta geji ya kupimia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), ile ya kufunga kwenye tundu la plagi, silinda tatu zinasoma 165 mpaka 170, namba 3 inasoma 120. Akaweka oili kidogo ndani ya silinda akapima tena, haikupanda, akasema basi ringi ni nzima, hiyo ni valvu haikai vizuri, wakati hedi inachongwa hawakupima nafasi za valvu, na hizi injini za NZ hazijirekebishi zenyewe, lazima upime na kubadilisha vikombe vya juu ya valvu.

Kufungua pale juu anataka laki moja na ishirini, vikombe mbali. Naendelea kujichanga, hadi hapo naiwasha asubuhi, naiacha itikisike, namalizia chai ndo natoka.